Tia kijiti kwanza: ushauri kwa wanaoishi jirani na samaki mkunga

Kila bamvua, maji yanapokupwa na mwamba ukabaki wazi, hapa kwetu Jambiani, Zanzibar, watu hushuka na vijiti kutafuta pweza, nami nimeshuka nao tangu utotoni. Shangazi aliyenifundisha kazi hiyo alikuwa na amri moja ambayo hakuilegeza: "Tia kijiti kwanza, mwanangu, mkono baadaye." Nilipokuwa na miaka 14 niliipuuza, nikaingiza vidole katika tundu nililodhani ni la pweza, na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, akanishika.

Alikuwa mdogo. Mkunga mkubwa wa madoa, anayeitwa kisayansi Gymnothorax javanicus, huishi kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu hadi visiwa vya Pasifiki, na anaweza kufikia urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 30. Wakubwa hukaa katika mapango ya matumbawe kwenye maji ya kina, lakini wachanga hujificha huku huku kwenye mwamba tunaoukanyaga.

Kosa langu la pili lilikuwa kuvuta mkono. Meno ya mkunga yamelalia nyuma, na kooni ana taya za pili, ambazo watafiti walieleza mwaka 2007 jinsi zinavyosogea mbele, zikamnasa samaki na kumburuta ndani. Kuvuta ndiko kulikonichana nyama. Ukishikwa, jikaze utulize mkono hadi alegeze, kisha osha jeraha kwa maji safi na sabuni, uende kituo cha afya siku hiyo hiyo ukachomwe sindano ya pepopunda, kwa sababu jeraha la namna hii hutunga usaha upesi.

Usimfunge pweza kiunoni unapotembea majini. Mkunga haoni vizuri, ila pua yake ni kali mno, na pweza ni chakula anachokipenda; harufu hiyo humleta hadi kwenye mwili wako. Wala usimle mkunga mkubwa, kwani katika baadhi ya maeneo yenye matumbawe nyama yake hulimbikiza sumu inayotokana na viumbe wadogo wa mwani, ambayo haiondoki kwa kupikwa.

Ninaumia nikiona mtu anampiga mkunga jiwe kwa sababu tu ameachama. Kuachama kwake si vitisho, bali ni kupumua: matundu ya matamvua yake ni madogo, hivyo hulazimika kufungua na kufunga kinywa ili maji yapite. Katika Bahari ya Shamu chewa humfuata pangoni, humtikisia kichwa, nao huondoka kuwinda pamoja, mmoja akiingia nyufani, mwenzake akingoja nje.

Mwaka jana nilizama na miwani nje ya mwamba, nikasimama mbali kiasi cha mikono mitatu nikimtazama mmoja, mnene kama paja langu. Kamba mdogo mwekundu alikuwa akitembea ndani ya kinywa chake, akiokota mabaki kati ya meno, naye mkunga ametulia, ameachama, anamngoja amalize.