Kamati mpya ya esteti, hii ndiyo kazi inawangoja ugonjwa ukiingia

Kwanza pongezi kwa nyinyi mliochaguliwa juzi. Najua wengine mlisukumwa tu mkaingia kwa sababu hakuna mtu mwingine aliinua mkono, ndivyo huwa. Tangu kisa cha kwanza cha mpox kithibitishwe hapa Kenya Julai 2024, pale Taveta mpakani, majirani wamekuwa wakiuliza kamati ina mpango gani kama ile shida ya 2020 itarudi, na mmoja wenu akanipigia akisema kwa faili kuna kumbukumbu za mikutano na risiti za sanitaiza tu. Kumbukumbu za mikutano haziandiki yale mambo yenyewe. Wacha niandike mimi, kama mtu aliyekaa kwa hiyo kamati Corona yote.

Shikeni kitu kimoja. Chama cha wakazi hakina nguvu ya kuzuia ugonjwa, hakina daktari wala polisi, kina geti, pampu ya maji, mtu wa takataka na akaunti ya benki. Basi. Hivyo vinne vikiendelea kufanya kazi watu wataweza kukaa nyumbani wakiambiwa wakae, na visipofanya kazi hata mtundike mabango ya nawa mikono kila nguzo hakuna atakayewasikiliza. Kila mara tulipojifanya serikali ndogo tulizua ugomvi bure, na kila mara tulipohakikisha maji yako kwa tenki watu walitulia.

Tuanzie pesa. Chukulia esteti ya nyumba 80, kila nyumba inatoa sevis chaji ya 5,000 kwa mwezi, hiyo ni 400,000 kila mtu akilipa (nacheka, lini kila mtu alilipa). Gadi wanakula 190,000, stima ya pampu na taa za nje 60,000, takataka 35,000, mfagizi na mtu wa bustani 50,000, inabaki 65,000 ya marekebisho na akiba. Sasa watu wanaachishwa kazi, hoteli zinafungwa, nyumba 24 zinakosa kulipa, mnabaki na 280,000. Gadi, stima na taka peke yake ni 285,000. Yaani mmeshapungukiwa elfu tano na mfagizi hajaona hata senti. Fanyeni hesabu hiyo na namba za esteti yenu wiki hii, msingoje tangazo litoke, halafu muamue mapema kitu gani kinasimamishwa kwanza. Kupaka rangi ukuta kunaweza kungoja mwaka mzima, gadi hawezi kungoja mwezi.

Na msikimbilie kukata maji kwa wasiolipa. Najua hiyo ndiyo dawa ya kawaida na inafanya kazi siku zingine, lakini unamwambia mtu anawe mikono sekunde 20 halafu unamfungia koki, hiyo ni akili gani? Tulichofanya ni kuandikia kila nyumba yenye deni ujumbe wa faragha, tukauliza mnaweza kulipa ngapi na tarehe gani, basi, bila vitisho. Wengi wakajibu nusu. Nusu inayokuja kila mwezi ni afadhali kuliko yote ambayo haiji. Pia jueni kutofautisha mpangaji na mwenye nyumba, kwa sababu mpangaji ndiye mnamuona kila siku lakini deni kwa kawaida ni la nyumba, na mwenyewe pengine yuko Doha au London hata hajui. Kuna mmoja hakuwahi kujibu barua hata moja, siku jina la mpangaji wake lilipotajwa na mtu kwa grupu ndipo akapiga simu akiwa moto, kelele nyingi, na jioni hiyo hiyo akatuma pesa ya miezi yote. Bado sisemi mtaje watu majina. Yule mpangaji alihama mwezi uliofuata.

Geti sasa. Kafyu ya kwanza ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na gadi wetu walikuwa wanabadilishana zamu saa kumi na mbili jioni. Piga hesabu mwenyewe, mtu ametoka saa kumi na mbili, matatu ya watu 14 inabeba 8, nauli imepanda, afike nyumbani kabla ya saa moja vipi? Kampuni za ulinzi zenye leseni zilikuwa kwa orodha ya walioruhusiwa kutembea usiku, lakini kuruhusiwa hakuleti matatu. Ikabidi zamu ibadilike saa kumi jioni, wa usiku wakawa wanakaa muda mrefu zaidi, na hapo ndipo tukaongeza chakula cha jioni na chai ya asubuhi kwa bajeti, nyumba zikapeana zamu ya kupika. Tuliuliza pia gadi mmoja mmoja analipwa ngapi kwa mkono, kwa sababu sisi tulikuwa tunalipa kampuni pesa kamili na kumbe wao walikuwa wamepunguziwa mshahara wakiambiwa ni Corona. Mkataba wenu uwe na kipengele cha kuwaruhusu kuuliza hilo swali, la sivyo mtaambiwa hayawahusu.

Kuhusu vifaa vya geti, msipoteze pesa kwa vitu vya kuonekana tu. Kuna wakati kila mahali pa maana Nairobi palikuwa na kile kibanda cha kupulizia watu dawa, unaingia mkavu unatoka unakohoa, na majirani wakawa wanatuuliza mbona sisi hatuna, tunaonekana esteti ya chini. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba kupulizia watu dawa hakushauriwi kwa hali yoyote. Bunduki ya kupima joto nayo ina mambo yake, mtu aliyetembea juani kutoka stejini anasoma juu, aliyetoka kwa gari lenye AC anasoma chini hata kama ni mgonjwa, na betri ikiisha inasoma chochote inachotaka. Mfereji na sabuni pale nje ya geti vilitusaidia kuliko vyote, pamoja na kitabu cha wageni kilichoandikwa vizuri, namba ya simu na nyumba anayoenda, maana ukitaka kuwapigia watu waliokutana na mgonjwa hiyo ndiyo itakuwa faili yako yote.

Sasa hapa nataka mnisikilize, kwa sababu hili ndilo litawagawanya kwanza. Kamati nyingi, na wengine kwa yetu walitaka pia, ziliamua mama fua wasiingie, dada wa kazi wa kutwa wasiingie, mama mboga asiingie, watu wa bodaboda wabaki nje. Wenye nyumba wenyewe walikuwa wanaenda kazini na supamaketi na kurudi wapendavyo, geti linafunguliwa gari likipiga honi. Kisa cha kwanza Kenya kilichotangazwa tarehe 13 Machi 2020 kilikuwa cha mtu aliyetoka Marekani kupitia London. Kwa ndege! Lakini wa kusimamishwa getini ni mama aliyetembea kwa miguu kutoka mtaa wa karibu na beseni lake. Sheria ya geti ikiwekwa lazima iseme kila anayeingia anafanya nini, mwenye Prado na mwenye beseni, maski, kunawa, kuandikwa, na kama mnazuia basi mnazuia wote wasio na shughuli ya lazima. Mama mboga tulimpa nafasi nje ya ukuta, kivuli na mfereji karibu, nyumba zinatuma oda kwa simu na gadi anapokea mfuko. Wale walioamua mama fua wao apumzike tuliwaomba waendelee kumtumia kitu kidogo, na ilisaidia kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa kulikuwa bure kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa 2020. Si wote walituma, lakini waliotuma walikuwa wengi kuliko nilivyodhani.

Maji na taka nitapita haraka. Watu wakikaa nyumbani mchana kutwa matumizi ya maji yanapanda, pampu ya kisima inafanya kazi usiku na mchana, bili ya stima inapanda nayo, na lori la kunyonya choo linaitwa mapema kuliko kawaida. Wekeni pesa ya hiyo. Pampu ya akiba pia, au angalau fundi aliyekubali kwa maandishi atakuja hata kukiwa na kafyu, na namba za watu wawili wa boza ya maji, si mmoja. Kwa taka, nyumba yenye mgonjwa ifunge mifuko miwili na kuiacha kidogo kabla ya kutolewa, na wabeba taka wapewe glovu na kampuni yao au na nyinyi, msibishane nani, nunueni.

Mtu akiugua. Kuanzia Juni 2020 wizara iliruhusu wagonjwa wasio na hali mbaya watunzwe nyumbani, kwa hivyo jueni mgonjwa atakuwa jirani yenu ukutani, si kule hospitali ya Mbagathi. Habari hiyo ijulikane na watu wawili tu kwa kamati, mwenyekiti na mmoja ambaye hana mdomo. Sheria ya kulinda data ya 2019 inahesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti, na hata kama hakungekuwa na sheria, ukiona venye watu walivyokuwa wanapiga picha ambyulensi na kuirusha kwa grupu kabla mlango haujafungwa ungeelewa kwa nini majirani walianza kuficha dalili. Na akificha, anapanda lifti na nyinyi. Mgonjwa mwambie hivi: hatutataja jina lako, tunahitaji kujua unahitaji nini, unga, maji ya kunywa, dawa, mtoto apelekewe kazi za shule. Wekeni mtu mmoja wa kuacha vitu mlangoni na kupiga simu akishaondoka. Namba ya serikali wakati ule ilikuwa 719, ya janga lijalo ibandikeni getini siku ya kwanza pamoja na ya chifu na ya zahanati ya karibu.

Grupu ya WhatsApp ifanyeni mbili. Moja ya matangazo ambayo admini peke yao wanaandika, fupi, tarehe juu, nani ameamua na mpaka lini. Nyingine ya kupiga domo, huko waache wapeane limau na tangawizi na video za mjomba wa mtu. Mkichanganya hizo mbili, tangazo la maji kupotea saa nane litazikwa chini ya sauti ya dakika kumi ya mtu anayesema chanjo ina mtandao ndani.

Watoto, jamani. Shule zilifungwa Machi 2020 na madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Mtoto wa fleti wa miaka saba, miezi tisa, halafu mnafunga kiwanja? Tulifunga wiki za kwanza kama kila mtu, baadaye tukapanga saa kwa bloku, bloku A na B asubuhi, C na D alasiri, mzazi mmoja wa zamu. Wanaofanya kazi nyumbani watalalamika kelele, wapeni saa zao za kimya, mfano saa tatu hadi saa sita, na watoto wakijua kuna muda wao wataheshimu ule mwingine kiasi. Kiasi, nimesema.

Mkutano mkuu kwa Zoom unawezekana, na cha kushangaza tulipata watu wengi kuliko ukumbini, kwa sababu wenye nyumba walio nje waliingia. Saa mbili usiku Nairobi ni saa saba mchana kwa aliye New York majira ya kiangazi, kwa hivyo Jumamosi ni siku nzuri. Ila kabla ya yote angalieni katiba yenu au nyaraka za kampuni ya usimamizi zinaruhusu mkutano wa namna hiyo, kwa sababu aliyeshindwa kura ndiye ataenda kusoma hicho kifungu. Kura msipige kwa kuinua mkono kwenye skrini, mtabishana hadi asubuhi, tumeni fomu, kura moja kwa nyumba, na wazee wasio na bando wapigiwe simu na watu wawili wakisikia jibu.

La mwisho ni tarehe za kumaliza. Kila sheria ya dharura iandikwe na siku inayokufa, siku 30 au 60, mkiitaka tena mnapiga kura upya. Kafyu ya taifa iliondolewa Oktoba 2021 na bado nazijua esteti ambazo mpaka leo mtu wa bodaboda anaachia mzigo nje na ukiuliza kwa nini unaambiwa ni sheria ya kamati, kamati gani, hakuna anayejua. Na ile hela ya dharura mkichangisha, ipite kwa akaunti ya chama, isipite kwa simu ya mweka hazina hata kama ni mtu wa kanisa, na iliyobaki itangazwe kwa grupu ya matangazo mwezi ule ule mnaofunga shughuli, pamoja na risiti, kabla mtu hajaanza kuuliza.