Sindano ya jicho: kwa nini matone hayatoshi

Mwenye kisukari akiambiwa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imevimba, kwanza huomba matone. Matone hayafiki huko. Tone moja ni kubwa kuliko nafasi iliyopo chini ya kope: sehemu humwagikia shavuni, sehemu hushuka puani na machozi, na kidogo kinachopenya konea, kioo cha mbele cha jicho, huishia mbele ya jicho. Vidonge navyo huzuiwa na kuta za mishipa ya retina, zisizopitisha dawa ovyo. Njia inayobaki ni sindano.

Kiasi kinachoingia ni mililita 0.05 tu. Bevacizumab, mojawapo ya dawa za uvimbe huu, iliyoanza kama dawa ya saratani ya utumbo mpana, huwekwa miligramu 1.25 katika ujazo huo. Daktari hupima milimita 4 kutoka ukingo wa konea, au 3.5 kwa aliyewekewa lenzi bandia, kisha huchoma kwenye weupe wa jicho. Akisogea mbele mno atagusa lenzi na kuleta mtoto wa jicho. Nyuma mno, atatoboa retina.

Hatari kubwa ni vijidudu, na hapa tunasisitiza: ayodini (povidone-iodine, dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 5 isirukwe hata kama inawasha. Ikitumika ganzi ya jeli, ayodini itangulie, kwa kuwa jeli hufunika ngozi ya jicho na vijidudu hubaki chini yake. Nyamazeni nyote wakati wa kuchoma, maana mate yana bakteria. Kichupa kimoja cha bevacizumab hugawiwa wagonjwa wengi, kwa hiyo uliza kimegawiwa wapi. Jibu linaloridhisha ni famasia yenye kabati safi la kuchanganyia dawa. Mezani kliniki, hapana.

Baadaye utaona vidoa vyeusi vikielea, mara nyingi ni viputo vya hewa, navyo huisha baada ya siku moja au mbili. Doa jekundu kwenye weupe hukaa hadi wiki mbili bila madhara. Lakini maumivu yakizidi badala ya kupungua, au uoni ukififia ndani ya wiki ya kwanza, rudi hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Usisubiri kliniki ya Jumatatu.

Dawa hufanya kazi kwa wiki chache tu, ndiyo maana mwanzoni sindano ni ya kila mwezi. Wengi huacha wanapoanza kuona vizuri kiasi cha kusoma tena, na uvimbe hurudi. Chukua tarehe inayofuata kabla ya kutoka, na ukiikosa piga simu kesho yake.