Kikasha Kimejificha Wapi?

SWALI: Asalaam aleikum, Ami. Nina jipiesi ya mkononi, nacheza mchezo wa kusaka vikasha vilivyofichwa kwa kufuata nambari za mahali, na sasa nasaka kimoja huku Shela, Lamu. Nambari ni 2° 17.50′ kusini. Nikaingiza dakika 17, sekunde 50. Imenipeleka katikati ya machuguu ya mchanga, hakuna kitu!

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Chombo hakina kosa. Hiyo nukta 50 ni nusu dakika, yaani sekunde 30. Sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31, basi umezidisha zaidi ya mita 600 kusini. Kwenye mipangilio chagua dakika zenye desimali.

Tazama pia datamu, yaani msingi ambao chombo au ramani hupimia mahali: iwe WGS 84, ndio wa jipiesi. Ramani za zamani za Kenya hufuata datamu nyingine, Arc 1960, na ukizichanganya wapotea kama mita 300. Mimi niliutafuta mwamba wa changu hivyo asubuhi nzima, nikarudi na ndoo tupu. Mke wangu hajaacha kunicheka.

Ukiwa vichochoroni Lamu mjini, kuta ndefu huziba setilaiti. Panda darini, usubiri kidogo. Ukibakisha mita kumi, tia chombo mfukoni, inama uchungulie.