Muulize Mzee wa Santuri: Queen bila Freddie ni Queen?

Mwezi huu nilikusudia kumjibu yule bwana wa Mwanakwerekwe aliyeuliza habari za sindano za gramafoni. Lakini zimeniangukia barua tatu zenye jambo moja ndani yake, mwimbaji akiondoka na mwingine akishika nafasi yake, bendi ni ile ile? Basi sindano zisubiri.

*Shikamoo Mzee. Mimi ni mtembeza wageni hapa Mji Mkongwe, na kila siku napita Shangani kwenye makumbusho ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen. Juzi mgeni mmoja kutoka Uingereza, mtu mzima, aliniuliza kama nimeisikiliza albamu ya Queen ya mwaka 2008. Nikamjibu bila kusita kuwa humo Freddie kaimba vizuri mno. Mzungu alicheka mpaka akavua miwani. Nimeambiwa Freddie alikwisha kufa zamani. Sasa humo kaimba nani? Na hiyo ni Queen kweli?*
*Mtembeza wageni, Kikwajuni*

Marahaba mwanangu. Kicheko chake kisikuume, mgeni akicheka bahashishi huwa nono. Ila mwakani akirudi umpokee na maneno haya.

Kwamba Freddie ni Farrokh Bulsara, kazaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akapelekwa skuli ya bweni India akiwa mdogo wa miaka 8, na wazee wake wakahamia Uingereza mwaka 1964, hayo unayasema mara tatu kwa siku, sina la kukuongezea. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991. Wenzake walikuwa na sauti yake kwenye kanda, nyingine alizirekodi Montreux kule Uswisi hali yake ikiwa imekwisha kuwa mbaya. Wakazifanyia kazi, na mwaka 1995 wakatoa albamu ya Made in Heaven. Humo mna wimbo unaoitwa Mother Love. Freddie hakuwahi kuumaliza. Ubeti wa mwisho kauimba Brian May, mpiga gitaa.

Mimi nilikutana na wimbo huo dukani kwangu Mkunazini, wakati bado nanakili kanda. Baharia mmoja kaniletea kanda ya kutoka Rotterdam, anataka nakala mbili. Nanakili huku nasikiliza, ghafla sauti inageuka. Nikajua basi, kanda imerekodiwa juu yake kitu kingine, nitaambiwa nimeiharibu mimi. Nikaichomoa, nikaizungusha nyuma kwa kalamu ya Bic, nikaicheza tena. Pale pale, sauti inageuka. Baharia kakaa kwenye kigoda anafuta jasho, ananitazama tu. Mara ya tatu ndipo aliponiambia: "Si kanda, Mzee. Mtu kaondoka." Mpaka leo nikiusikia wimbo ule, mkono unataka kwenda kwenye kitufe cha kusimamisha.

Sasa hiyo ya 2008. Inaitwa The Cosmos Rocks, ilitoka Septemba mwaka huo. John Deacon, mpiga besi, alikwisha kujipumzikia. Waliobaki ni wawili, May na Roger Taylor wa ngoma, nao wakamchukua Paul Rodgers. Huyo si mtoto wa kuokotwa njiani. Alikuwa mwimbaji wa bendi ya Free, kisha Bad Company, na wimbo wa Free wa All Right Now ulitamba mwaka 1970, Queen hawajatoa hata albamu yao ya kwanza. Walianza kuzunguka naye majukwaani mwaka 2005, na miaka mitatu baadaye wakaingia studio. Besi wakapokezana May na Rodgers wenyewe.

Ukilipata jalada, tazama jina: Queen + Paul Rodgers. Hiyo alama ya kujumlisha ndiyo jawabu la swali lako la pili. Walisema tangu mwanzo kwamba bwana huyu hachukui nafasi ya Freddie. Ni kama matangazo yetu ya taarabu yanapoandikwa klabu fulani "ikishirikiana na" fulani. Mgeni kakaribishwa barazani, hakukabidhiwa ufunguo wa nyumba. Na albamu yenyewe wakamtunukia Freddie.

Nzuri? Nitakwambia ninavyoona mimi. Rodgers kaimba vizuri. Sauti yake ni ya bluzi, nzito, ina mchanga ndani, na haina haja ya kupanda juu kuonesha kwamba ipo. Tabu ni nyimbo. Nyingi zimekaa katikati, si za Queen wale wa kupandisha sauti juu ya sauti kama ghorofa, wala si za Rodgers wa peke yake. Wimbo wa kufungulia ni rokirolo ya kuchezea harusini, unapita. May alikuwa ametoka kupata udaktari wake wa elimu ya nyota mwaka mmoja kabla, 2007, kwa utafiti wa vumbi la angani, kwa hiyo hilo jina la Cosmos usishangae limetoka wapi. Unaonigusa ni Say It's Not True, alioutunga Taylor kwa ajili ya kampeni ya Mandela dhidi ya UKIMWI. Wanapokezana: Taylor anaanza taratibu, May anafuata, kisha Rodgers anaingia kwa nguvu zake zote. Pale hakuna anayejaribu kuwa Freddie, na ukikumbuka maradhi yaliyomwondoa, unajua wanaimba kuhusu nani.

Mwaka 2009 Rodgers akaagana nao kwa wema. Tangu 2012 wanazunguka na Adam Lambert, kijana mwenye sauti ya kupaa, na viwanja vinajaa. Lakini albamu ya nyimbo mpya ya studio hawajafanya naye. Mimi hilo nimelisoma hivi: nyimbo za zamani jukwaani unaweza kuziazima, unaimba, unarudisha. Nyimbo mpya ni kuoa.

Mgeni wako akitaka ubishi zaidi, mtajie bendi ya AC/DC. Mwimbaji wao Bon Scott alikufa tarehe 19 Februari 1980. Wenzake wakamchukua Brian Johnson, mtu wa upande wa Newcastle aliyekuwa akijipatia riziki kwa kutengeneza mapaa ya magari. Wakaenda naye Nassau, kisiwani Bahamas, na tarehe 25 Julai albamu ikatoka, Back in Black, jalada jeusi tupu kwa maombolezo, na wimbo wa kwanza unaanza kwa kengele. Hesabu mwenyewe. Waliirekodi Aprili na Mei. Yaani eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, haijaisha, wao wameshaimba! Hapa kwetu wangesemwa mpaka Makunduchi. Na ikawa miongoni mwa albamu zilizouzwa sana kuliko zote duniani. Johnson hakumuiga Scott. Aliandika maneno yake, akapiga ukelele wake.

*Mzee wangu, mimi ni mwanafunzi wa hapa Wete, Pemba. Naipenda bendi ya Linkin Park. Mjomba wangu aliyekuwa na kanda zao zote ananiambia wamekwisha, eti wamemweka mwanamke kuimba mahali pa mwanamume na hilo halijapata kuonekana. Tunabishana kila siku tukila. Mama kasema wa kwanza kulitaja tena ataosha vyombo.*
*Shabiki, Wete*

Osha vyombo mwanangu, hoja unayo.

Mwimbaji wao, Chester Bennington, alifariki Julai 2017. Bendi ikanyamaza miaka saba. Septemba 2024 wakajitokeza na Emily Armstrong, aliyekuwa akiimba kwenye bendi ya Dead Sara, na tarehe 15 Novemba mwaka huo huo wakatoa From Zero. Fupi, nusu saa na kidogo tu. Jina lina maana mbili: kuanza sifuri, na pia Xero, jina la bendi hiyo walipokuwa vijana, kabla Chester mwenyewe hajajiunga. Maana huyo Chester naye alikuja akakuta watu. Mwulize mjomba kama hilo alikuwa akilijua.

Emily ana ukelele unaokwaruza, na mara moja anaushusha ukawa kama mtu anasema nawe mlangoni. Kwa masikio yangu ya kizee nusu ya nyimbo zile ni kelele, lakini ni kelele zake. Mwenzake kwenye bendi, Mike Shinoda, anaingia na maneno yake ya kufokafoka kama zamani, sauti mbili zinagongana, na ule mgongano ndio Linkin Park kuliko koo la mtu yeyote.

Ama hilo la mwanamke, mjomba kaishi Pemba miaka yote hiyo bila kusikia habari za Siti binti Saad? Muuza vyungu wa Fumba. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, yeye akaja akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akapanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi santuri. Wakati huo maneno ya barazani yalikuwa haya haya ya mjomba wako. Alipofariki mwaka 1950, nyimbo zake hazikuzikwa naye. Bi Kidude alizichukua akaziimba kwa sauti yake, iliyokuwa nzito na kavu, mpaka alipofariki Aprili 2013. Sijamsikia mtu akisema Bi Kidude kamharibia Siti.

*Assalaam alaikum Mzee. Nakuandikia kama mwenzako wa fidla. Klabu yetu ndogo ya taarabu hapa Jang'ombe ilikuwa na mwimbaji aliyetupa jina. Ameolewa, kaenda Muscat. Tumempata binti wa miaka 19, sauti anayo, lakini tukipiga zile nyimbo za dada aliyemtangulia watu wanakaa kimya, hata wa kumtunza noti haonekani. Kiongozi wetu anamtaka amuige dada sawasawa, mpaka mikono. Tunataka kurekodi nyimbo nane mwezi wa Rajabu. Turekodi zile za zamani kwa sauti mpya, au tusubiri? Nimekutumia na picha ya onyesho la mwisho.*
*Mpiga fidla, Jang'ombe*

Waalaikum salaam. Barua hii ndiyo iliyonikosesha usingizi, maana yamenikuta.

Wazungu bendi yao sura yake ni ya mwimbaji. Akiondoka yeye, wanababaika kama watu waliopotelewa na kitambulisho. Sisi hatukuzaliwa hivyo. Klabu ya Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, waimbaji wamekuja wamekwenda, na jina linasimama. Mwimbaji wetu anainuka kwenye kundi la waitikiaji, anaimba wimbo wake, anatunzwa, anarudi kukaa. Lakini neno liko hapo, wimbo *wake*. Wimbo wa taarabu una mwenyewe. Hapa Unguja mtu akisikia fidla zinaanza bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, anangoja, ikija dibaji ya wimbo wa fulani anamtafuta fulani kwa macho. Binti yenu akiinuka, wanamtazama yeye wanamwona aliye Muscat.

Klabu yetu ilifikwa na hayo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwimbaji kaondoka, tumepata msichana, tumempa nyimbo za mwenziwe kama zilivyo. Zilikuwa zimepangwa kwa koo jingine, juu sana kwake. Kila akifika kwenye kiitikio mishipa ya shingo inamsimama. Nikasema tushushe. Mpiga ganuni, Mwenyezi Mungu amrehemu, akanitazama kama nimemtukana: "Nyuzi sabini na ushei hizi, nizifunge upya kwa ajili ya koo moja?" Ikabidi akodiani na mimi tuanze kushuka peke yetu mazoezini, tukisikika kama gari iliyokosa breki, mpaka akachoka na aibu akazifunga. Siku mbili zilimchukua.

Wimbo ukashuka, binti akapumua. Kutunzwa bado hakutunzwa! Hapo ndipo mtunzi wetu alipomwandikia shairi lake, la mtu anayengoja boti bandarini na boti haiji. Maneno ya msichana wa rika lake, si ya mke mwenza mwenye kisasi aliyekuwa akiimbwa na dada. Usiku ule kwenye harusi ya Kisiwandui, ubeti wa pili haujaisha, bibi mmoja wa makamo kainuka kutoka safu ya nyuma, noti kaishika juu kwa vidole viwili, anakuja akicheza polepole kama vile njia ni ndefu. Akampita kiongozi, akampita mpiga udi, akamtunza binti. Nyuma yake wakafuata kumi.

Kwa hiyo msisubiri, ila msirekodi nane. Rekodini tano. Nne mpya kabisa, zilizopimwa kooni mwake kabla shairi halijatiwa sauti. Moja ya dada, na kabla hamjaigusa mpigieni simu Muscat mumwombe ruhusa. Akisema hapana, basi nne zinatosha. Mwambie mpiga ganuni wenu mapema, msimshtukize studio, saa zile zinalipiwa.

Na kuhusu picha: mwambie kiongozi asimvalishe tena lile gauni la dada. Mabegani linampwaya.