Karatasi Zilizonifikisha Chumba cha Upasuaji

Juzi alfajiri, nikitoka zamu ya usiku, nimekuta ujumbe wa msomaji aliyeko Houston. "Shikamoo dada. Bima wamenikatalia upasuaji wa kupunguza uzito. Barua nimeipiga picha, nakutumia. Nimelia mpaka nimechoka." Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma garini kabla sijawasha injini, na nilipofika kwenye maneno "ulazima wa kitabibu haujathibitishwa" tumbo likanikata. Ninayo barua yenye maneno hayohayo. Nimeitunza miaka mitatu sasa.

Wakati ule nilikuwa na kilo 102, kwa urefu wa sentimita 163. BMI yangu, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, ilikuwa 38, na hiyo 38 ndiyo iliyonitesa. Mikataba mingi ya bima hapa Marekani bado imeshikilia kipimo kilichowekwa mwaka 1991: BMI ya 40 au zaidi, au kuanzia 35 ukiwa na ugonjwa unaotokana na uzito, kama kisukari, presha au kukatika pumzi usingizini. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kiwango: 35 hata bila ugonjwa, na kuanzia 30 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari. Lakini daktari kusema ni jambo moja, na bima kulipa ni jambo jingine. Kwa 38 yangu, bima walitaka ugonjwa.

Na ugonjwa nilikuwa nao! Presha ilinianza nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Ila dawa zangu zilikuwa zinatoka Dar. Mama ananunua Kariakoo, anazifunga kwenye soksi, anampa yeyote anayesafiri. Wengi wetu ndivyo tunavyoishi huku. Nilikuwa nameza kidonge asubuhi, naenda kliniki, nesi ananifunga kile kitambaa mkononi, anasoma, anaandika: kawaida. Miaka minne mfululizo. Ombi langu lilipofika bima, nikapiga simu kuuliza, na dada wa upande wa pili akanijibu kwa upole kabisa: "Kwenye kumbukumbu zetu, mama, wewe huna presha." Sauti ile bado naisikia.

Sababu ya pili iliniuma zaidi. Mkataba wangu ulidai miezi sita mfululizo ya kuonana na mtaalamu wa lishe, kila mwezi kupimwa na kuandikwa. Mwezi wa nne shangazi yangu aliyenilea akafariki Morogoro. Nikapanda ndege, nikazika, nikakaa mpaka matanga yakaanuliwa. Niliporudi nikaendelea na mwezi wa tano kama kawaida, na hakuna aliyenitahadharisha. Kumbe neno ni "mfululizo". Mwezi mmoja ukiruka, hesabu inaanza upya. Kliniki ikatuma faili lina pengo, bima wakaliona pengo. Nililipa nauli ya kumzika shangazi, kisha nikailipa tena kwa nusu mwaka wa maisha yangu.

Nilikaa wiki mbili nimejifungia. Kisha nikaenda kwa daktari wa familia na ile soksi ya dawa, nikamwaga vidonge mezani kwake. Hakunigombeza. Aliandika kila kitu, akanipa mashine ya kupimia presha nyumbani, akaniuliza kama nakoroma. Nikalala usiku mmoja na kifaa kimefungwa kidoleni na kifuani. Majibu yakaja: pumzi zinakatika mara 22 kwa saa. Sikuwahi kujua. Nilidhani uchovu ule ni wa zamu.

Miezi sita ya pili siisimulii, ilikuwa kupanda mzani na kushuka. Safari hii kila nikitoka naomba nakala, naiweka kwenye faili la bluu. Ombi jipya likapelekwa, wakasita tena, daktari wangu wa upasuaji akaomba kuzungumza kwa simu na daktari wa bima. Siku tisa baadaye kibali kikatoka. Nikafanyiwa slivu, ile ya kuondoa takriban robo tatu ya tumbo la chakula. Leo nina kilo 74 na presha nimeachishwa dawa na daktari. Najivunia, na sitaomba radhi kwa hilo, hata kwa wale waliosema kanisani kwamba nimejikata ili nipendeze.

Sasa wewe, mdogo wangu. Kabla hujakata rufaa, omba mkataba kamili, si kile kijitabu chenye picha, ufungue sehemu ya visivyolipiwa. Kama upasuaji wa uzito umetajwa humo, vyeti vya ugonjwa havitakusaidia. Waajiri wengi wakubwa hulipia matibabu kwa fedha zao wenyewe, bima inashughulikia karatasi tu, na ni mwajiri aliyechagua kutoulipia. Hapo unazungumza na afisa utumishi, au unabadili bima msimu wa kujiandikisha ukifika.

Kama haujatajwa, tazama walichosema kinakosekana. Kipo lakini hakikutumwa? Kata rufaa, una siku 180 tangu upate barua. Wakikataa tena kwa hoja ya kitabibu, una miezi minne kuomba wakaguzi huru wa nje. Hakipo kabisa, kama pengo langu? Kamilisha kwanza, kisha peleka ombi jipya. Na omba nakala. Kila ukitoka kliniki, omba nakala.

Nawaomba na nyinyi wengine, acheni kumficha daktari dawa za kwenye sanduku. Tunajua kuvumilia, tumelelewa hivyo, lakini bima hailipii uvumilivu. Semeni magoti yanauma. Semeni mnakoroma, mnaamka mmechoka, mnapanda ngazi mkisimama njiani. Mwambieni aandike, na msiondoke mpaka ameandika.

Barua yako, mstari wa tatu kutoka chini, inasema hawakupokea ripoti ya mwanasaikolojia. Wewe umeniambia ulimwona mwezi wa pili. Basi ripoti ipo mahali. Kesho piga kliniki, waulize tarehe waliyoituma kwa faksi na uombe ile karatasi ya uthibitisho. Jumapili sina zamu. Nipigie baada ya ibada, ukiwa na mkataba mkononi, tuusome pamoja.