Pikapu ya mtumba ya kuvutia boti: anza na mizani, injini baadaye

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Mbezi Beach, nina boti ya faiba futi 19 yenye mashine ya Yamaha ya nguvu farasi 75, naitumia wikiendi tu kuvua na kutembeza familia. Sasa hivi naiacha ufukweni Kunduchi kwa mlinzi lakini nimechoka, mara tangi la mafuta limeibiwa mara watoto wamechezea mashine, nataka niiweke nyumbani niwe naivuta mwenyewe Jumamosi, siku nyingine nifike nayo Bagamoyo au Kigamboni. Tela ninalo, la ekseli moja, halina breki. Nina milioni 40 nataka pikapu dabo kebini. Washkaji wamenichanganya, huyu Toyota Hilux tu, yule Ford Ranger 3.2 ndo yenye nguvu, mwingine Isuzu D-Max. Nichukue ipi, na niangalie nini nisije nikapigwa?
Mvuvi wa wikiendi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao washkaji wanabishania injini tu, hakuna hata mmoja aliyekuuliza boti yako ina kilo ngapi, na hapo ndo pa kuanzia. Tupige hesabu ya harakaharaka. Bodi ya faiba ya futi 19 mara nyingi inacheza kwenye kilo 600 mpaka 800, inategemea aliyeitengeneza alimwaga faiba kiasi gani, mashine ya 75 ni kilo 150 na ushee, lita 100 za petroli ni kama kilo 75, ongeza nanga, betri, maboya, deli la barafu, kisha tela lenyewe weka kilo 300. Hapo una tani moja na robo mpaka tani moja na nusu inakufuata nyuma. Usibaki na makisio yangu, pakia kila kitu kama unavyoenda baharini, kodi gari ya mtu siku moja ukapitishe tela kwenye mizani ya malori, ujue namba yako kabla hujamwaga milioni 40.

Sasa linganisha. Hilux Vigo 3.0 kitabu chake kinaruhusu kuvuta kilo 2,250 mpaka 2,500 kutegemea mwaka, Ranger 3.2 na D-Max 3.0 za kuanzia 2012 wanaandika mpaka 3,500. Zote zinakutosha na chenji inabaki, kwa hiyo huo ubishi wa nani ana nguvu kuliko nani kwa boti yako hauna maana. Ila hizo kilo ni kwa tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki, kwenye gari zote hizo kikomo ni kilo 750, yaani mzigo wako ni karibu mara mbili yake. Kuvuta itavuta, hata Vigo iliyochoka itakutoa Mbezi mpaka Bagamoyo bila shida, tatizo ni bodaboda akikukatiza pale Bunju na wewe una tani na nusu inayokusukuma mgongoni.

Kwa hiyo hela ya kwanza kutoka kwenye hizo milioni 40 iende kwenye tela. Mwambie fundi akuwekee breki ya kusukumwa. Ukikanyaga breki ya gari, tela linakuja mbele kwa uzito wake, shingo yake inaingia ndani kidogo na kusukuma pampu ndogo ya breki, tairi za tela zinabana. Haitaki umeme wala haiungwi na breki za gari. Kero yake ni kwamba ukirudi rivasi yenyewe inadhani unasimama, inabana, ndo maana lazima kuwe na kile kipini cha kuizuia wakati unarudi nyuma, na ukishamaliza unakitoa, usikisahau mle ukaingia nacho barabarani. Na kwa sababu ni maji chumvi, kila ukirudi nyumbani ziogeshe breki na maji yasiyo na chumvi zikiwa bado hazijakauka. Wakati uko kwa fundi mwambie pia aangalie uzito wa kwenye shingo, pale inapokalia boli ya gari, lile tufe la chuma la kufungia tela, unatakiwa uwe kama asilimia 10 ya mzigo wote, kwako ni kilo 130 mpaka 150 hivi, mizani ya kupimia magunia inatosha kabisa. Ikiwa nyepesi tela litaanza kutikisa mkia ukifika spidi 70, na likianza hivyo kulituliza ni kazi. Dawa yake ni kusogeza boti mbele kidogo juu ya tela.

Tuje kwenye gari. Kwako foo wili haina mjadala. Sio kwa ajili ya barabara, ni kwa ajili ya pale unapotoa boti majini. Bamvua ikipwa maji yanaenda mbali sana, unabaki na mchanga uliolowa na tope, na boti imelowa, na tela limezama nusu tairi. Hapo ndo unataka ile gia nzito ya 4L, gari inatambaa polepole bila kuchoma klachi. Ukifika mchangani punguza upepo wa tairi mpaka kwenye psi 18 hivi, ukirudi lami ujaze. Na kamba ndefu nzuri isikose, mara nyingine ni bora gari ibaki kwenye ardhi ngumu, tela uliingize majini kwa mikono kisha ulivute kwa kamba, kuliko gari nzima kuoga chumvi.

Hapa kwenye foo wili ndo watu wanapigwa sana. Unajua Hilux ilikuwa haiuzwi Japani kati ya 2004 na 2017, kwa hiyo Vigo nyingi unazoziona yadi hazijatokea huko kama gari nyingine, zimetoka Thailand, Uingereza, Afrika Kusini. Za Thailand ni nzuri chini, hazina kutu, lakini nyingi ni Prerunner, imenyanyuliwa juu kama foo wili, ina tairi nene na madoido yote, kumbe inavutwa na tairi za nyuma tu. Dalali atakwambia foo wili hiyo bosi. Wewe inama mbele uangalie katikati ya tairi, kama hakuna difu na hakuna shafti zinazoenda kwenye tairi za mbele, mwache aendelee na hadithi zake. Za Uingereza ndo kinyume chake, foo wili kweli, mara nyingi zimetunzwa, siti safi, lakini kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi na hiyo chumvi inakula chasisi kimyakimya. Na wewe unaenda kuiongezea ya Kunduchi.

Kwa hiyo ukaguzi wangu ungeanzia chini kabla hata sijawasha gari. Lala chini na tochi na nyundo ndogo, gonga chasisi kuanzia juu ya ekseli ya nyuma mpaka inapoishia kwenye bampa, hasa pale springi zinapoanzia na zinapoishia. Chuma kizima kinalia ting, kilichooza kinalia bubu na kinamwaga unga. Ukikuta chasisi imepigwa rangi nyeusi mpya inayonuka wakati gari ni ya 2012, jiulize wameficha nini, mimi huwa naondoka. Hiyo sehemu ya nyuma ndo itakayobeba boli ya tela, injini unaweza kubadilisha Ilala, chasisi iliyooza hapo hutaki hata kusikia.

Ukimaliza chini, nenda asubuhi bila kupiga simu kwanza, shika boneti ujue kama wameipasha moto. Washa ikiwa ya baridi, moshi mweupe wa sekunde chache sio mbaya, ukiendelea au ukawa wa bluu achana nayo. Angalia maji ya rejeta, yakiwa ya kutu ujue mwenye gari alikuwa anajaza ya bombani, na gari inayovuta mzigo kwenye joto letu kwanza kabisa inauawa na rejeta. Halafu omba kuijaribu na mzigo, hii wauzaji wengi hawaipendi lakini sisitiza, mifuko 10 ya simenti ni kilo 500, weka nyuma mpandishe vilima vya Pugu ukiwa gia ya tatu. Klachi inayoteleza utaiona, injini inapiga kelele na spidi haipandi. Ukifika kwenye vumbi simama, weka nyutro, ingiza 4L, nenda mbele na nyuma, isiwe taa ya kwenye dashibodi inawaka tu na tairi za mbele zimelala.

Na usidanganyike na namba ya usajili. Mtu anakwambia hii namba E bado mpya, hiyo namba inaonyesha gari ilisajiliwa lini hapa kwetu tu, mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi, na namba ya chasisi ya kwenye kadi na ya kwenye gari hakikisha zinafanana. Tela nalo linatakiwa kuwa na kadi yake na namba yake, kama halina hivyo vitu shughulikia sasa hivi kabla hujaanza kupishana na trafiki kila Jumamosi.

Umeniuliza ipi. Kwa hizo hela mimi ningechukua D-Max 3.0 manyuo foo wili. Hilux ni gari nzuri sana na spea zake ziko mpaka kijijini, lakini unalipia jina, kwa bei ya Vigo ya 2010 mara nyingi unapata D-Max changa zaidi. Ranger 3.2 ndo tamu kuendesha kuliko zote, ina torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 470, ila ina umeme mwingi na inataka fundi mwenye kompyuta, kama fundi wako wa siku zote hana basi kila taa ikiwaka utakuwa unabahatisha. Ukipata Vigo 3.0 foo wili chasisi safi kwa bei ya haki chukua, sitakukasirikia.

SWALI: Habari za kazi fundi. Sisi tuko Mwanza, tuna kiboti cha alumini futi 12 na mashine ya 15, gari ya nyumbani ni Noah. Mume wangu anasema lazima tununue pikapu, mimi naona anatafuta sababu. Kweli lazima?
Mama wawili, Mwanza

JIBU: Nzuri dada. Anatafuta sababu. Kiboti hicho na mashine na tela dogo havifiki hata kilo 400, Noah nzima kiafya itavuta bila kulalamika, mradi boli ifungwe kwenye chuma cha chini cha gari, bampa ni plastiki itang'oka nayo. Ila Noah nyingi zinavutwa na tairi za mbele, kwenye mteremko uliolowa zitateleza kwa sababu uzito wote uko nyuma, kwa hiyo tafuta sehemu yenye zege au changarawe, watoto washuke, msukume kidogo. Chumvi hamna huko, bahati yenu, lakini toeni magugu maji kwenye tela na kwenye mashine kabla ya kuondoka, yasihamie mwalo mwingine.

SWALI: Sasa fundi, niko Kilifi. Nimepata dabo kabini otomatiki, mwenyewe ameapa haijawahi kuvuta kitu. Nitajuaje?

JIBU: Poa ndugu. Toa taa za nyuma uangalie waya, kama zimekatwa na kufungwa teipu basi kulikuwa na soketi ya tela. Angalia chini ya bampa kama kuna matundu ya bolti au rangi iliyokwanguka kwa mraba. Halafu oili ya giaboksi, chovya tishu nyeupe, ikiwa nyekundu sawa, ikiwa kahawia na inanuka kama imeungua hiyo imevuta sana au haijawahi kubadilishwa, na kwako zote mbili ni hasara. Kama giaboksi yake haina kijiti cha kupimia, fundi aipandishe juu afungue nati ya pembeni. Kuvuta sio dhambi, tafuta tu kama ilitunzwa. Ukiichukua, badilisha hiyo oili kabla ya safari ya kwanza, weka na rejeta ndogo ya ziada ya oili ya gia, na ukifika ufukweni acha tela lipumzike robo saa kabla hujalizamisha, maana beringi za moto zikiingia maji baridi zinafyonza chumvi ndani na utazibadilisha kila mwezi.