Maswali na majibu: nidhamu darasani bila fimbo

Nina mtoto wa darasa la pili anaropoka majibu bila kunyoosha mkono. Nikimkaripia ndiyo kwanza anazidi. Nifanyeje?

Angalia anachopata akiropoka: mwalimu anaacha somo, anamtaja jina, darasa zima linageuka kumtazama. Kwa mtoto anayetaka kuonekana, karipio ni malipo tosha. Mwite pembeni, mweleze mapema kwamba utapokea jibu la aliyenyoosha mkono tu. Akiropoka, usimjibu. Mkono wake ukiinuka hata nusu, mpe nafasi papo hapo: "Umenyoosha mkono, haya tuambie." Siku za mwanzo ataropoka zaidi, maana njia aliyoizoea imezibwa naye anajaribu kuifungua kwa nguvu. Walimu wengi hukata tamaa hapo, na ndipo hasa pa kushikilia. Ukikubali kumjibu akiropoka mara ya tano, umemfundisha kuropoka mara tano.

Nyota na stika zinafaa?

Kwa kiasi. Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti wao wa Marekani kuhusu watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti ili wachore, baadaye walichora kwa hiari yao kidogo kuliko wenzao wasioahidiwa kitu. Basi usimlipe mtoto kwa jambo analolipenda tayari. Nyota mpe yule ambaye bado hana hamu na jambo hilo, kisha uzipunguze kadiri anavyozoea. Mimi napenda zaidi sifa inayotaja tendo lenyewe. Ukimwambia "umemsubiri mwenzako amalize kusema", anajua cha kurudia kesho. "Hongera" peke yake haimwambii.

Mmoja akikosa, niadhibu darasa zima?

Hapana. Wasio na kosa wataona kutii hakuna faida, na mkosaji atachukiwa na wenzake.

Tukitoka kwenye kusoma kuingia hesabu, ni vurugu tupu.

Je, umewafundisha namna ya kuhama? "Tulieni!" haimwonyeshi mtoto afanye nini. Waonyeshe hatua kwa hatua: kitabu ndani ya mkoba, daftari la hesabu mezani, penseli chini, macho kwa mwalimu. Wafanyishe mazoezi ya kuhama tu, bila somo lolote, warudie mpaka wazoee. Baada ya likizo, anza upya. Kelele zikizuka, sogea taratibu hadi kwenye meza husika huku ukiendelea kufundisha. Mara nyingi hutahitaji kusema neno.